Kipimo cha Oda Iliyopita

Kihonda, Morogoro
22 Machi 1999

Mdogo wangu Thobias,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Ile mistari ya mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako, leo tuiruke. Huku si wazima.

Shemeji yako Severini amekatwa vidole viwili kiwandani Alhamisi iliyopita, vya mkono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake. Alilazwa siku tatu, jana karudi nyumbani. Anakaa uani kwenye kiti, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Nikimuuliza kama anaumwa anajibu "kidogo." Nikimuuliza kama atakunywa chai, anajibu hivyohivyo.

Nikueleze ilivyokuwa, kwani fundi umeme wa zamu ile nilikuwa mimi na nilisimama hatua kumi tu kutoka pale. Mashine ya kukatia maboksi unaijua, wewe ndiye uliyekuja kuiunganisha na kompyuta mwaka juzi, tulipouzwa tu kwa mwekezaji. Mtu anaandika kipimo cha oda, anabonyeza, kisu kinatembea kwenye reli mpaka kwenye kipimo hicho, kisha kinashuka. Severini aliandika sentimita arobaini. Akashikilia karatasi kwa mkono upande wa pili, kama wafanyavyo wote tangu enzi za shirika la umma, kwa sababu kile chuma cha kubana karatasi kilivunjika zamani na hakuna aliyeleta kingine. Kisu kikaenda mpaka sabini, kipimo cha oda ya asubuhi. Kwenye sabini ndipo mkono ulipokuwa.

Rogers, injinia wetu mpya, anasema Severini alisahau kubadilisha kipimo. Kwenye skrini palikuwa na arobaini, wote tuliona, lakini Rogers anasema aliandika baada ya ajali ili ajiokoe. Mtu anachuruzika damu namna ile, eti akumbuke kuandika namba.

Kikao cha nidhamu ni Ijumaa tarehe 16 Aprili. Wakisema ni uzembe wake, anafukuzwa kwa uzembe, na barua itaandikwa hivyo. Tangu kiwanda kiuzwe nusu ya watu wameshapunguzwa, na mtu wa miaka arobaini na nane mwenye barua ya namna hiyo hapati kazi tena mji huu, hata ya kufungua geti.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeandika programu yenyewe. Inawezekana mtu aandike arobaini, kompyuta ipeleke sabini? Nijibu kwa Kiswahili cha kawaida.

Dada yako,
Veronika

*

Sinza, Dar es Salaam
26 Machi 1999

Dada Veronika,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana ofisini, nikaisoma mara mbili, nikashindwa kula mchana. Mpe shemeji pole nyingi sana. Mwambie namkumbuka alivyonibebea masanduku ya kompyuta siku ile ya mvua.

Kuhusu swali lako, programu ile ilipimwa kwa wiki tatu hapa Dar kabla sijaileta. Tulikata karatasi zaidi ya elfu mbili bila kosa. Mambo haya yana vitu vingi, dada, kuna mashine yenyewe, kuna nyaya, kuna kadi inayopeleka amri kwenye kisu, kuna umeme wenu unaokatika kila mara. Si rahisi kusema kutoka mbali.

Nina swali dogo tu. Kompyuta ni ileile niliyoifunga mimi, au imebadilishwa?

Kazi huku ni nyingi. Bwana Godlisten, bosi wangu, amechukua oda nne kwa mpigo na programu tunaandika wawili. Nalala saa chache. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Thobias

*

Kihonda
31 Machi 1999

Thobias,

Mdogo wangu, nimekulea. Ulipokuwa darasa la tatu ulivunja chungu cha mama, ukaulizwa, ukasema chungu kile kilikuwa kizuri sana. Barua yako imenikumbusha hicho chungu. Nimekuuliza kama inawezekana. Umenijibu kwamba ilipimwa. Hukusema haiwezekani.

Kompyuta imebadilishwa, ndiyo. Mwezi wa pili mwekezaji alileta nyingine, kubwa, ya mtumba kutoka Ulaya. Rogers alituambia ina prosesa mbili, yaani bongo mbili za kuhesabia, na ni ya aina tofauti kabisa, akatutembeza kuizunguka kama bibi harusi. Programu yako ikahamishiwa humo.

Tangu hapo nina daftari. Wewe unajua mimi huandika kila hitilafu ya zamu, hata taa ikiungua. Mara saba tangu Februari, karatasi ya kwanza baada ya kubadilisha oda imekatwa kwa kipimo cha oda iliyopita. Mara saba kati ya mia kadhaa. Karatasi ya pili inakaa sawa. Severini alikuwa anaichukua ile iliyoharibika anaitupa kwenye mabaki, anaendelea. Nilimwonyesha Rogers daftari, akasema watu wetu wamezoea kulaumu mashine. Jana nimemwonyesha tena. Hakucheka safari hii.

Mama ameteremka kutoka Mgeta na kapu la njegere. Ameutazama mkono wa Severini, akatazama ukutani, akaanza kumenya njegere. Juma Kuu hili nyumba yetu iko kimya kuliko kanisa.

Nataka neno moja kutoka kwako.

Veronika

*

Sinza
5 Aprili 1999, Jumatatu ya Pasaka

Dada,

Shikamoo. Neno lenyewe ni ndiyo.

Nitakueleza polepole. Nilichoandika mimi kinaitwa draiva, programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na ile kadi ya kisu. Kazi yake ina hatua mbili. Kwanza inaandika kipimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Pili inaigongea kadi: soma kipimo, peleka kisu. Nimeziandika kwa mpangilio huo, ya kwanza juu, ya pili chini, na kwenye kompyuta ya zamani zilifanyika kwa mpangilio huo.

Prosesa za hiyo kompyuta mpya zina haraka. Ukiiambia iandike kipimo, inakiweka pembeni kwanza, kwenye foleni yake, ikifikishe kwenye kumbukumbu itakapopata nafasi. Haisubiri. Inaendelea na hatua ya pili, na ile hodi ya kuigongea kadi inapita njia nyingine. Mara nyingi kipimo kinawahi. Siku ambayo kompyuta imezidiwa na kazi, hodi inatangulia. Kadi inaenda kusoma, inakuta kipimo cha oda iliyopita, na yenyewe haina namna ya kujua kwamba ni cha zamani. Skrini inaonyesha arobaini kwa sababu kweli shemeji aliandika arobaini.

Kuna amri ya mstari mmoja ya kuzuia hilo. Inaiambia prosesa: simama hapa, lolote lililotangulia lifike kwanza, ndipo uendelee. Ilitakiwa ikae katikati ya hatua zangu mbili. Sikuiweka. Kwenye kompyuta ya kwanza haikuhitajika, kwa hiyo sikuifikiria.

Nililijua hili tangu barua yako ya kwanza, ndiyo maana nikauliza habari za kompyuta. Niliogopa, dada. Na kuna baya zaidi. Tarehe 29 kiwanda chenu kiliandikia ofisi yetu kuulizia programu, na Bwana Godlisten akaniletea barua imeshachapwa, kwamba programu haina kasoro. Nilimwambia bado nachunguza. Akasema funika kombe mwanaharamu apite, kampuni ina watu sita wanaoitegemea. Nikatia sahihi. Barua hiyo imeshafika kwa Rogers.

Nimechoka mpaka sijui nimechoka na nini. Nimeanza kurekebisha. Nakuomba shemeji usimwambie kwanza, nataka nimwambie mwenyewe.

Thobias

*

Kihonda
9 Aprili 1999

Thobias,

Nimemwambia. Nimemsomea barua yako yote, na ile sehemu ya kuomba nisimwambie nimemsomea pia. Aliniuliza tu, "Tangu barua ya kwanza?" Nikamwambia ndiyo. Akainuka akaenda kulala saa kumi jioni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nilikuwa naitumia methali hiyo kwa majirani. Nimekukasirikia, nakwambia wazi ili usije ukakisia. Si kwa mstari mmoja. Mstari kila mtu anasahau, hata mimi niliwahi kusahau kukata umeme nikatupwa mita mbili. Nimekasirika kwa zile siku ulizoniandikia habari za nyaya.

Sasa sikiliza, mambo ni mawili.

La kwanza ni mashine. Baada ya daftari langu Rogers ameizima. Amesema ataiwasha siku atakayosikia kutoka kwenu kwamba imerekebishwa, wala si kabla. Hilo kafanya vizuri, nampa haki yake. Lakini oda zimelala na mwekezaji anamfokea kila asubuhi, kwa hiyo ana hamu ya kuwasha kuliko unavyodhani. Nafasi ya Severini kapewa Shadia, msichana wa Dumila, ana mtoto wa miezi minane. Na yeye amefundishwa kushikilia karatasi kwa mkono.

La pili ni kikao. Barua yako yenye sahihi iko mezani kwa ofisa utumishi. Daftari langu wanasema ni la mke wa mtuhumiwa. Kwa hiyo hakuna mwingine. Tarehe 16, saa nne asubuhi, uje uyaseme haya kwa mdomo wako.

Veronika

*

Sinza
Jumanne, 13 Aprili 1999

Dada,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii mna disketi ya marekebisho. Mstari umekaa mahali pake. Nimeujaribu kwenye kompyuta ya aina hiyohiyo niliyoazima chuoni, nikaiwekea mzigo wa kazi usiku na mchana siku tatu, haijakosea hata mara moja. Kuiweka ni dakika kumi, maelekezo nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, kwa namba, utaweza.

Bahasha nampa kondakta wa basi la kwanza kesho Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Ujumbe wa disketi nimeshakuachia leo kwa simu getini kwenu, umwombe Rogers gari, Bonifasi dereva aje stendi ya Msamvu aipokee. Basi hilo huwa linafika saa tatu. Kwa kuwa najua mmekaa bila kazi siku nyingi, saa tatu na nusu nitampigia Rogers simu nimwambie marekebisho tayari, awashe. Hivyo hamtapoteza siku nyingine.

Kuhusu Ijumaa, nimeomba ruhusa, Bwana Godlisten amekataa. Amesema nikienda nisirudi. Nalifikiria. Usiniandikie kwa hasira, dada, nina hasira zangu za kutosha.

Thobias

*

Kihonda
Alhamisi, 15 Aprili 1999

Thobias,

Barua hii nampa kondakta wa mchana, nimemwambia aikabidhi mkononi mwako ofisini kwenu, si kwa mlinzi.

Basi lako la jana liliharibika njiani, Mikese. Liliingia Msamvu saa saba. Simu yako iliingia saa tatu na nusu kamili, kama ulivyopanga.

Bonifasi alikuwa bado amekaa stendi anasubiri bahasha. Rogers alitoka ofisini anakuja mbio, uso umemfunguka, anasema Dar wamepiga, marekebisho tayari, washa. Nikamwambia disketi sijaiona. Akasema Thobias mwenyewe ndiye aliyeongea, na hakutaja disketi, pengine wameirekebisha kwa namna yao. Akawasha. Mimi ni fundi umeme, yeye ni injinia.

Shadia akaandika kipimo cha oda mpya, hamsini na tano. Mkono wake ukaenda pale walipomfundisha. Nilimwambia, "Shadia, toa huo mkono, karatasi iache ikae yenyewe." Akautoa kwa heshima tu, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake, si kwa kuniamini. Kisu kikaenda mpaka kwenye kipimo cha oda ya mwisho ya mwezi uliopita kikashuka. Alama yake kwenye karatasi iko sentimita tatu kutoka jasho la kiganja chake. Karatasi hiyo nimeikunja nimeihifadhi.

Nilizima swichi kubwa nikakaa chini sakafuni.

Thobias, wewe ndiye uliyenieleza. Barua yako ya Pasaka naijua kwa moyo, mzigo ulikwenda njia moja na hodi njia nyingine, na mwenye kugonga hakusubiri kujua kama mzigo umefika. Ukarekebisha mashine, kisha ukaja kufanya vilevile kwa mkono wako. Ungemwuliza Rogers swali moja tu, disketi mmeiona? Simu ilikuwa mkononi mwako.

Disketi nimeiweka saa nane mchana. Tumekata karatasi mia nne mpaka jioni, hakuna iliyokosea, na hakuna aliyegusa karatasi kwa mkono. Rogers alisimama na sisi muda wote. Baadaye alikaa kwenye rundo la maboksi akaniambia jambo ambalo hukuniandikia. Anasema Februari, kabla ya kuhamishia programu kwenye hiyo kompyuta mpya, alikupigia kukuuliza kama itafaa, na wewe ukamjibu hakuna shida. Hata nusu dakika hukufikiria, anasema. Kwa hiyo hukusahau mstari tu. Uliulizwa.

Kesho Rogers atasema alichokiona, lakini hatasema zaidi ya hapo, na yeye ana watoto. Barua yenye sahihi yako itasomwa. Kiti cha shahidi kitakuwa na wewe au kitakuwa kitupu.

Dada yako bado,
Veronika

*

Kihonda, Morogoro
25 Aprili 1999

Shemeji Thobias,

Salamu. Mimi si mwandishi kama dada yako, kwa hiyo nitasema machache. Ameniambia nisiandike nikiwa na kinyongo. Nimekaa siku tisa kinyongo kiishe, kimebaki kidogo, nimeona niandike nacho.

Ijumaa ile ulikuja, nilikuona. Ulisema yote, la foleni, la simu ya Februari, la barua uliyoletewa utie sahihi. Yule ofisa utumishi alipokuonyesha sahihi akauliza ni ya nani, ukasema, "Ni yangu, na barua hiyo ni ya uongo." Kisha ukatoka, na Bonifasi anasema ulimwomba akupeleke Msamvu moja kwa moja. Nyumbani walikuwa wamekupikia. Mama yenu alitoka nje mara tatu kuangalia barabara.

Neno uzembe limefutwa. Barua ninayo, imepigwa muhuri. Kazi ninayo pia, wamenihamishia stoo, kuhesabu marobota kwa mkono mmoja na nusu. Chuma cha kubana karatasi kimeletwa, kipya, Rogers amekifunga mwenyewe. Dada yako anasema umefukuzwa huko Dar kama ulivyoahidiwa. Pole. Nasema pole ya kweli.

Lakini kuna jambo hujui, na dada yako hajui. Nakwambia wewe tu.

Wiki zile walipokuwa wanasema nilisahau kipimo, nilianza kuwaamini. Mashine haiwezi kusema uongo, ndivyo tulivyoambiwa. Nilikuwa nakaa uani najaribu kukumbuka kidole changu kikibonyeza nne na sifuri, na kila siku nilikumbuka kidogo zaidi kwamba labda sikubonyeza. Mpaka nikaiona kabisa, mimi nasahau. Nikaona naibebesha nyumba yangu mzigo kwa uzembe wangu, na mke wangu anapigana na wakubwa kwa ajili ya uongo.

Ijumaa Kuu nilipanda mpaka misheni nikaungama. Nilimwambia padri nimefanya uzembe kazini, kisha nikawasingizia wengine ili nisifukuzwe. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akanipa malipizi, rozari nzima kwa siku tisa, na nimwombe msamaha mtu niliyemsingizia. Siku hiyo wewe ulikuwa umeshajua wiki nzima.

Niliyemsingizia nilidhani ni wewe, mwenye programu. Rozari nilizisali zote, hata baada ya barua yako kusomwa hapa, maana sikujua kama zinaruhusiwa kuachwa katikati. Nilibakiwa na lile la kukuomba msamaha, na Ijumaa baada ya kikao nilikuwa nimekaa nyumbani nakusubiri nikuchekeshe nalo, tucheke wote, yaishe.

Sasa nimekaa nalo. Nimeshaungama kosa lako na malipizi yake nimeyatimiza, hakuna anayenidai. Njoo Morogoro Jumapili ijayo. Njoo nyumbani, ukae kwenye kiti, uniambie mwenyewe kwamba nilibonyeza arobaini. Kwenye barua nimeshasoma. Nataka nikusikie ukisema.

Shemeji yako,
Severini